Mabel Fairbanks na Mlango wa Klabu

Kwa mujibu wa kumbukumbu nyingi, Mabel Fairbanks alizaliwa mwaka 1915 huko Florida, kusini mwa Marekani, katika familia yenye damu ya Kiafrika na ya Waseminole, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Alifiwa na mama yake akiwa bado mtoto, na baadaye akahamia New York, akapata kazi ya uyaya katika nyumba iliyotazamana na bustani ya Central Park. Huko, majira ya baridi, aliwaona watoto wakiteleza kwenye barafu. Alinunua viatu vya mtumba vilivyomzidi namba mbili, akavijaza pamba mbele, akaanza kujifunza. Ukumbi wa barafu alioutaka ulimkatalia kuingia. Alirudi tena na tena hadi meneja akamwachia. Mle ndani alipata maelekezo kutoka kwa Maribel Vinson, bingwa wa Marekani mara tisa, na kocha Howard Nicholson.

Kilichofuata hakieleweki bila kujua jinsi mchezo huu wa kuteleza kwenye barafu ulivyoendeshwa. Wachezaji walikuwa wa ridhaa au wa kulipwa, na wa ridhaa peke yao ndio walioruhusiwa kwenda Olimpiki. Njia ya ridhaa ilipitia klabu, maana mashindano ya taifa yalidai uanachama na mitihani. Sehemu kubwa ya mitihani hiyo ilikuwa michoro. Mchezaji alisimama kwa mguu mmoja, akachora namba nane kwa bapa la kiatu, kisha akaufuata mstari uleule mara kadhaa. Bapa lina kingo mbili, na katikati yake pana mfereji mwembamba. Aliyeegemea sawasawa aliacha mstari mmoja safi, aliyeyumba akaacha miwili. Waamuzi waliinama kuukagua mchoro wenyewe. Hadi mwaka 1968 michoro ilibeba asilimia 60 ya alama zote za mashindano.

Mtihani unaopima mstari ungeonekana kuwa wa haki kuliko mingine yote, kwa kuwa barafu haijui rangi ya mtu. Lakini klabu zilimnyima Fairbanks uanachama, na asiye mwanachama hakuufikia mtihani. Sonja Henie wa Norway aliingia kwenye mchezo wa kulipwa mwaka 1936 akiwa na medali tatu za dhahabu za Olimpiki, na Hollywood ikimngoja. Fairbanks aliingia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Alifanya maonyesho New York katika miaka ya 1940, kisha akahamia Los Angeles. Hata huko, ukumbi mmoja wa Pasadena ulikuwa umebandika tangazo la kuwafukuza wateja weusi kwa lugha ya kistaarabu, na mjomba wake akasambaza makala za magazeti kuhusu jambo hilo hadi mlango ukafunguliwa. Makampuni makubwa ya maonyesho ya barafu ya Marekani hayakumpa ajira ya kudumu. Sehemu kubwa ya safari zake za kikazi ilikuwa nje ya nchi, Mexico ikiwemo.

Ukocha ndio uliomfanya asisahaulike. Aliwafundisha watoto wa matajiri wa Hollywood, na aliwafundisha pia watoto ambao wazazi wao hawakumudu ada. Mwanafunzi wake Atoy Wilson alikubaliwa katika klabu ya Los Angeles baada ya Fairbanks kuishinikiza, na mwaka 1966 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa, katika daraja la chipukizi. Richard Ewell na Michelle McCladdie walifuata mwaka 1972 kwa ubingwa wa vijana wa wawili wawili.

Jicho lake la kuunganisha wachezaji wawili wawili lilikuwa kali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliwashikisha mikono Tai Babilonia na Randy Gardner, watoto ambao, inavyosimuliwa, hawakutaka kabisa kushikana mikono. Wakiwa chini ya kocha mwingine, John Nicks, walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979. Kristi Yamaguchi na Rudy Galindo nao waliunganishwa kwa ushauri wake, wakawa mabingwa wa taifa kabla ya Yamaguchi kushinda dhahabu ya Olimpiki peke yake mwaka 1992.

Shirikisho la mchezo huo la Marekani lilimwingiza katika orodha yake ya watu mashuhuri mwaka 1997, mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alifariki Septemba 2001 kwa saratani ya damu. Mwaka 2021 shirikisho hilo lilianzisha mfuko wenye jina lake wa kugharimia mazoezi ya wachezaji weusi na wa jamii nyingine zilizotengwa. Wa kwanza kunufaika, Starr Andrews, alipata medali ya fedha Kanada mwaka 2022, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupanda jukwaa la washindi katika mashindano ya kimataifa ya Grand Prix.