Mjumbe Aliyekaa Kimya: Uadilifu na Nguvu ya Dola katika Uislamu



Mada hii tumezoea kuisikia ikizungumzwa kwa aya, na aya zenyewe mnazijua. Sura ya An-Nisaa inawataka waumini wasimamie haki hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Al-Maida inaonya kwamba kuwachukia watu kusitusukume kuacha uadilifu. Hizo sitazifafanua tena mbele ya waliobobea. Nataka kuuliza swali la kidunia zaidi: uadilifu uliiongezea dola ya Kiislamu nguvu, au uliitia hasara tu? Jibu nalitafuta Khurasan, mpaka wa mashariki wa dola ya Bani Umayya, mwanzoni mwa karne ya 8.

Umar bin Abdulaziz alishika ukhalifa mwaka 717. Liwali wake wa Khurasan, al-Jarrah bin Abdallah, alimpelekea ujumbe wa watu watatu. Wawili walikuwa Waarabu. Wa tatu alikuwa mmoja wa mawali, yaani Waislamu wasio Waarabu waliofungamana na makabila ya Kiarabu; jina lake Salih bin Tarif, maarufu kama Abu Sayda. Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kuwa Waarabu walisema yao huku mwenzao amekaa kimya. Khalifa akamwuliza: kwani wewe si mjumbe? Akajibu kuwa ni mjumbe. Mbona husemi, basi? Hapo akafunguka. Mawali 20,000, alisema, wanakwenda vitani bila mshahara wala posho, na wengine idadi kama hiyo wamesilimu lakini bado wanatozwa kodi ya wasio Waislamu, naye liwali anawapendelea watu wake waziwazi. Umar akasema mtu wa namna hii ndiye anayefaa kutumwa.

Malalamiko hayo ni ya askari asiyelipwa na mkulima anayetozwa kodi isiyomhusu. Ndiyo maana nimeyachagua. Mpaka ule ulikuwa ukilindwa na watu ambao dola iliwahesabu siku ya kupigana na kuwasahau siku ya malipo, na liwali aliyedhani ana jeshi imara alikuwa na jeshi lenye kinyongo.

Umar aliamuru kila anayeswali kuelekea kibla aondolewe jizya, kodi ile ya wasio Waislamu. Watu wakasilimu kwa wingi, na maofisa wakaingiwa na hofu ya hazina kupwaya. Al-Jarrah alishauriwa awapime kwa tohara ili ajulikane nani amesilimu kwa moyo na nani anakimbia kodi. Khalifa alijibu kwamba Mtume alitumwa kulingania watu, hakutumwa kuwatahiri. Baadaye akamwondoa liwali huyo.

Umar alifariki mwaka 720, ukhalifa wake haujatimiza miaka mitatu. Wapo waliomlaumu kwa kuidhoofisha hazina, na lawama hiyo haikutoka hewani, maana mapato yalikuwa hatarini kweli. Lakini tazameni kilichotokea pale haki ilipotolewa kisha ikanyang'anywa.

Mwaka 728 liwali mwingine, Ashras bin Abdallah, alitaka watu wa Samarkand wasilimu kwa ahadi ya kusamehewa jizya. Aliyetumwa kuwalingania alikuwa Abu Sayda yule yule. Wakaitikia, wakajenga misikiti. Mtawala wa kienyeji akapeleka habari kwamba kodi imeshuka, naye Ashras akageuka: wapimwe kwa tohara, kwa kutekeleza faradhi na kwa kusoma sura ya Qurani. Halafu hata vipimo hivyo vikawekwa kando, ikaamriwa kila aliyekuwa akilipa zamani aendelee kulipa. Maelfu wakagoma na kutoka mjini. Abu Sayda akasimama nao, akaishia kifungoni. Waturuki wakaingia vitani upande wa wenye kinyongo, na Waarabu wakakaribia kuipoteza nchi yote ya ng'ambo ya mto Amu. Fedha iliyookolewa kwenye daftari la kodi ililiwa na vita mara nyingi zaidi. Sina haja ya kukisia kiasi.

Nasr bin Sayyar, liwali wa mwisho wa Bani Umayya huko, alilielewa jambo hili. Takriban mwaka 739 alipanga kodi upya. Al-Tabari anasema walijitokeza Waislamu 30,000 waliokuwa wakilipishwa jizya, huku wasio Waislamu 80,000 wakiwa wamesamehewa. Takwimu za wanahistoria wa zama zile tuzichukue kwa tahadhari, ila sura ya mambo iko wazi. Mageuzi yalichelewa. Mwaka 747 Abu Muslim, kiongozi wa uasi wa Bani Abbas, alipandisha bendera nyeusi katika Khurasan hiyo hiyo, na mwaka 750 Bani Umayya wakaanguka. Kodi haikuwa sababu pekee. Ugomvi wa makabila ya Kiarabu wenyewe kwa wenyewe ulichangia sana. Lakini bendera ile iliwakuta watu wengi wasio na sababu ya kuitetea dola.

Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima mwaka 1377, aliligeuza jambo hili kuwa kanuni: dhuluma huangamiza ustaarabu. Kwake dhuluma haiishii kwenye kupora mali. Kumtumikisha mtu bila ujira ni dhuluma, na kumdai asichodaiwa vilevile. Anayejua kuwa jasho lake litachukuliwa huacha kuhangaika. Masoko hudorora, watu huhama, hazina hukauka.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kadhi akiamua mambo ya sharia, na mawaziri na maamiri wakisikiliza mengineyo. Shauri lililohitaji kauli ya sheikh, yaani mtawala wa mji, liliandikwa, likapelekwa ndani, na jibu likarudi papo hapo nyuma ya karatasi ile ile. Mfanyabiashara mgeni anayeyaona hayo ana sababu ya kutia nanga tena mwakani.

Udhaifu wa mfumo huu nao tusiufiche: mlango wa haki ulifunguliwa na mtawala, na mtawala aliweza kuufunga. Ibn Khaldun mwenyewe aliyaonja hayo. Sultani Barquq alimteua kadhi mkuu wa Kimaliki mjini Cairo mwaka 1384. Akawabana mashahidi wa uongo na waandishi wa hati waliozoea hongo, akakataa maombi ya wakubwa, na mwaka uliofuata akaondolewa. Alirudishwa na kuondolewa tena na tena, jumla akateuliwa mara sita. Sidai kwamba kila uteuzi ulitokana na kiu ya haki. Siasa za Misri zilikuwa na mizani yake. Hata hivyo, watawala wa Cairo waliomjua kwa ukali wake waliendelea kumwita, na mwaka 1406 alifariki akiwa kadhi.