Picha Mbili, Ukuta Mmoja

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa zamani, Kalinzi)



Kamati imeniomba nieleze kidogo kazi yangu ya kuonyesha picha kubwa kwa mitambo zaidi ya mmoja. Nimeona heri nianze na aibu yangu mwenyewe, maana ilinipata hapa hapa Kalinzi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuonyesha picha ya kijiji iliyopigwa kutoka angani, ili wananchi wapange wapi pawe msitu wa kulinda chemchemi na wapi pabaki mashamba ya kahawa. Jambo hilo si mchezo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mstari ukishakubaliwa mkutanoni si rahisi kuufuta.

Picha ilikuwa pana, nikaigawa nusu mbili, kila nusu na projekta yake. Milima yetu mnaijua: ukuta wa ghala ulikuwa juu, meza yangu ilikuwa chini. Projekta ikielekezwa juu, mwanga unaofika ukingo wa juu husafiri mbali zaidi. Basi picha hupanuka juu na kubana chini, mfano wa ndoo. Ziweke ndoo mbili pamoja: midomo hugusana, chini hubaki pengo. Mimi nikazisogeza picha ili nizibe pengo, na kwa juu zikapandana.

Mzee mmoja akasimama. "Mwanangu, mibuni yangu imeotaje juu ya bati la jirani? Na kijito hiki kimezaa kingine lini?"

Watu wakacheka. Jirani yake hakucheka, kwani kijito ndicho mpaka wao. Nilizima mitambo, mkutano ukaahirishwa hadi kesho yake.

Usiku ule niliinua meza kwa matofali hata projekta zikakaribia kuutazama ukuta uso kwa uso. Kosa lililobaki nililiachia kompyuta. Nilionyesha miraba mitupu, nikavuta pembe moja moja, nikaibana picha upande wa juu, ili ikipanuka ukutani itoke imenyooka. Kisha nikafanya kama fundi cherehani anayeacha kitambaa cha mshono: ukanda wa katikati uonyeshwe na projekta zote mbili, mwanga wa moja ukififia polepole huku wa pili ukipanda. Bila hivyo ukanda ule hung'aa maradufu.

Tatizo hili si geni. Tarehe 30 Septemba 1952, mjini New York, sinema ya Cinerama ilionyeshwa kwa projekta tatu kwenye pazia lililopinda. Mafundi wake walitumia vitana vidogo vilivyotikisika pembeni mwa mwanga ili kulainisha kingo, na bado mishono ilionekana. Siku hizi kamera huutazama ukuta, na kompyuta hupiga hesabu yenyewe. Lakini kila picha ikibanwa, baadhi ya nukta zake hupotea na mambo madogo hufifia. Ndiyo maana matofali hutangulia kompyuta.

Kesho yake kijito kilikuwa kimoja. Yule mzee akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Sasa imekaa vizuri. Haya, twendeni tukakiangalie chenyewe." Tulikwenda kwa miguu, yeye na jirani yake wakiongoza. Mstari uliandikwa baada ya hapo.

Ndugu zangu, siku ya kwanza kosa langu lilionekana na kila mtu. Ninaloliogopa zaidi ni lile ambalo lisingeonekana: ningeweza kuvuta pembe kwa macho tu hadi mshono upotee, na shamba la mtu likapungua bila yeyote kucheka.

Ukumbi wa shule yetu sasa una projekta mbili. Ombi langu kwa walimu ni dogo: onyesheni miraba kwanza, muipime kwa kamba, ndipo muweke picha.