Dawa za Njozi na Mgonjwa wa Pombe

Somo la Afya kwa Madarasa ya Watu Wazima

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: ulevi, njozi, daktari. Mkisha kuyasoma, sikilizeni.

Tuanze na jambo mnalolijua. Yuko mtu ambaye mikono yake hutetemeka kila asubuhi mpaka apate gongo. Mkewe amemsihi. Wazee wamemwita, naye ameapa kuacha. Baada ya siku chache amerudi kilabuni. Watu husema, "Hana haya." Madaktari husema, "Ni mgonjwa." Ubongo wake umeizoea pombe, na ukiikosa hupata taabu.

Je, iko dawa? Siku hizi watu husimuliana kwamba uko uyoga unaotibu ulevi, huzuni kubwa na wasiwasi. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli nusu ni hatari. Basi tuujue wote.

Ziko dawa zinazomfanya mtu aone njozi ilhali yu macho. Huona rangi na sura, hukumbuka mambo ya zamani, hulia au hucheka. Hapa Afrika, watu wa Gabon wana mti mdogo uitwao iboga. Mizizi yake hutumiwa katika ibada za Bwiti. Baadaye watu wa nchi nyingine waliijaribu dawa ya mti huo ili waache heroini. Wako waliosaidiwa, na wako waliokufa, kwa sababu dawa hiyo huweza kuharibu mapigo ya moyo.

Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Daktari Humphry Osmond na wenzake waliwapa walevi dawa iitwayo LSD. Wengi waliacha pombe, lakini majaribio mengi ya wakati ule hayakupangwa vizuri. Kisha dawa hizo zikatapakaa mitaani, serikali zikazipiga marufuku, na utafiti ukapungua kwa miaka mingi.

Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililopangwa vizuri. Walevi 93 walizungumza na washauri kwa majuma 12. Katika majuma hayo, wengine walipewa mara mbili dawa ya uyoga, iitwayo sailosibini. Wengine walipewa dawa ya kawaida ya mafua na mzio. Waliangaliwa kwa majuma 32 tangu walipopewa dawa mara ya kwanza. Katika kila siku 100, waliopewa dawa ya uyoga walikunywa kupita kiasi karibu siku 10. Wenzao walikunywa hivyo karibu siku 24.

Angalieni jambo moja. Makundi yote mawili yalipunguza pombe, maana wote walipata watu wa kuzungumza nao. Dawa ilifungua mlango, lakini mgonjwa aliingia akiwa ameshikwa mkono. Alichaguliwa kwanza, akapimwa moyo, akakaa na watu wawili waliofundishwa mpaka njozi zilipokwisha. Mwenye maradhi ya wazimu, au ambaye ndugu zake wanayo, hakubaliwi katika majaribio ya namna hiyo, kwani njozi zaweza kumzidishia.

Kwa hiyo, mtu akija na unga au uyoga akisema, "Nunua, mumeo atapona," usinunue. Hujui ni kitu gani, wala kipimo chake. Tena uyoga wa porini huweza kuua. Hapa Tanzania, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 nayo imekataza biashara hiyo.

Basi tumwache mgonjwa wetu? Hata kidogo. Kwa waliofungwa na heroini, Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, nao hunywa dawa hiyo mbele ya muuguzi. Mgonjwa wa pombe naye apelekwe zahanati au hospitali. Zipo dawa za kutuliza, na wapo washauri.

Sasa shikeni neno hili kuliko yote. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka asifungiwe chumbani ili aache ghafula. Katika siku chache za kwanza huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, na kuanguka kifafa. Huweza kufa. Ndugu zake watadhani amerogwa, kumbe ni pombe inayomtoka. Mkiona dalili hizo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini makundi yote mawili ya Marekani yalipunguza pombe?
2. Utamjibu nini anayeuza uyoga wa kutibu ulevi?
3. Taja dalili tatu za mtu aliyeacha pombe ghafula. Utafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.