Maji Maangavu, Meno ya Kahawia: Utafiti wa Floraidi Unavyotuhusu

(Hii ni nakala ya mazungumzo ya mhandisi wa maji wa kaunti mbele ya wakazi, kamati za visima na walimu. Imefupishwa kidogo ili itoshe ukurasani.)



Nimeombwa nizungumzie utafiti wa vyuo vikuu vya ufundi kuhusu floraidi katika maji, na mwenyekiti amenionya nisiwachoshe. Nitajaribu.

Nianze na jambo mnaloliona kila siku. Katika shule zetu zinazotegemea visima virefu, wapo watoto wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa mkono. Meno yao yana madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Wengine huambiwa kwamba hawapigi mswaki. Si kweli, na ningependa walimu mlio hapa muwe wa kwanza kuacha kusema hivyo. Doa la floraidi limo ndani ya jino lenyewe. Liliingia wakati jino lilipokuwa bado ndani ya ufizi likijengwa, yaani tangu mtoto anapozaliwa hadi miaka minane hivi. Mswaki haulifikii.

Baada ya umri huo, jino lililokwisha kujengwa haliharibiki tena kwa njia hiyo. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuhamia hapa kutoka Kisii au Kakamega, akanywa maji yetu miaka ishirini na meno yake yakabaki meupe, lakini mtoto aliyemzalia hapa akaota meno ya kahawia. Nimesikia watu wakieleza jambo hilo kwa laana, na wengine kwa damu ya upande wa mama. Ni maji tu.

Mifupa, hata hivyo, haina umri wa kusamehewa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi katika kila lita ya maji ya kunywa. Maji yakifika miligramu 3 hadi 6 na mtu akayanywa kwa miaka mingi, mifupa na viungo huanza kuathirika. Yakizidi 10, yapo magonjwa ya uti wa mgongo na magoti yanayomfanya mtu ashindwe kuinama au kunyooka. Hilo halimtofautishi mwenyeji na mgeni.

Kwa nini sisi? Kwa sababu tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Miamba yetu ilitoka kwenye volkano, na ina floraidi nyingi. Lakini mwamba peke yake hautoshi. Maji yenye kalsiamu nyingi hushikana na floraidi na kuiacha chini kama mchanga. Maji yetu mengi ya chini ya ardhi yana kalsiamu kidogo na magadi mengi, kwa hiyo floraidi haina cha kuishika. Inabaki imeyeyuka na kupanda nayo hadi kwenye mfereji wako. Ziwa Nakuru lenyewe limewahi kupimwa likakutwa na miligramu 2,800 kwa lita. Hakuna anayelinywa, bila shaka, lakini linaonyesha yaliyomo ardhini. Na si Bonde la Ufa pekee: utafiti uliochapishwa mwaka 1984, uliopima zaidi ya sampuli 1,000 za maji ya chini ya ardhi nchini Kenya, ulikuta asilimia 61 zimezidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zimezidi 5.

Hapa ndipo kuna mtego. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji ya mto yenye matope humtisha mama, naye huyachemsha. Maji ya kisima kirefu yanang'aa kama kioo, na sabuni hutoa povu upesi, basi kila mtu anaona amepata maji mema. Kuyachemsha hakusaidii: vijidudu vinakufa, lakini floraidi inabaki yote huku maji yakipungua kwa mvuke, kwa hiyo kila lita inayosalia ina floraidi zaidi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini haiigusi. Kichujio cha udongo wala kile cha mchanga haviigusi. Endeleeni kuyatibu maji kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini msidhani mmemaliza.

Sasa niingie kwenye utafiti. Mwanzo wake uko mbali. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia asiyoweza kueleza. Akahangaika na swali hilo miaka thelathini. Jibu lilipatikana mwaka 1931, maji yalipopimwa katika maabara ya kampuni ya alumini na floraidi ikaonekana. Miaka thelathini kujua jina la adui! Leo kuna kifaa cha elektrodi, kilichovumbuliwa mwaka 1966, ambacho hutoa jibu kwa dakika chache.

Kujua ni kitu kimoja. Kuiondoa floraidi kijijini, bila umeme na bila fedha nyingi, ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika jirani yetu, Ngurdoto, karibu na Arusha, ambako watafiti wa Tanzania walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1829 na mwanafizikia Hans Christian Ørsted. Denmark haina volkano. Wahandisi wake walikuja Meru ya Tanzania kwa sababu tatizo lilikuwa huku, nami huwaambia vijana wanaosomea uhandisi kwamba somo gumu la kutosha liko chini ya miguu yao.

Walijaribu kwanza njia iliyotoka India, iitwayo Nalgonda kwa jina la wilaya ya huko. Unatia shabu na chokaa kwenye ndoo, unakoroga, unaacha itulie, unachota maji ya juu. Ni rahisi. Shida ni kwamba kadiri floraidi ilivyo nyingi, ndivyo shabu inavyotakiwa kuwa nyingi, na mtu akikosea kipimo anakunywa shabu. Kwa maji makali kama ya kwetu, mara nyingi kilichobaki kilikuwa bado juu ya 1.5.

Njia ya pili ni mifupa. Ndiyo, mifupa ya ng'ombe, ile mnayoitupa nyuma ya machinjio. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfati, na floraidi huipenda mno, ndiyo maana ikiingia mwilini hukimbilia mifupani na menoni. Basi wahandisi wakaitumia tabia hiyo hiyo: badala ya floraidi kuufuata mfupa wa mtoto, iufuate mfupa uliomo kwenye ndoo. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, ikapondwa kuwa chembe na kujazwa kwenye kichujio.

Mtaniuliza, kuchoma mifupa kunahitaji chuo kikuu? Mama mboga ana jiko. Kunahitaji, na nitaeleza. Ukichoma kwa joto dogo, mafuta na nyama hubaki, na maji yananuka na kugeuka manjano. Familia itayakataa siku ya kwanza, na itakuwa na haki. Ukichoma kwa joto kubwa, au ukiruhusu hewa nyingi, mfupa unageuka mweupe, mzuri kwa macho, lakini vijitundu vyake vimefungika na haushiki floraidi. Mtafiti D. L. Mwaniki alilinganisha makaa ya mifupa meusi, ya kijivu na meupe katika utafiti aliouchapisha mwaka 1992, na meusi yakashinda kwa mbali. Kwa hiyo mtu akikuuzia makaa ya mifupa meupe akisema ndiyo safi zaidi, ameshikilia bidhaa iliyokufa. Muulize pia mifupa imetoka kwa mnyama gani. Wapo majirani zetu ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe, na wengine ng'ombe, na kichujio ambacho mtu anakikosea imani kitaishia kuwa chombo cha kuku.

Hapa Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki ilianza kutengeneza makaa ya mifupa kwa ajili ya vichujio vya nyumbani na vya jamii, na kwa miaka mingi ilishirikiana na taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, Eawag, ambayo iko katika familia moja na chuo kikuu cha ufundi cha ETH Zürich.

Jambo ambalo nataka mlichukue kutoka kwenye utafiti huu wote ni moja, na ndilo linalovunja miradi. Kichujio cha mifupa hufa kimya kimya. Kichujio cha matope kikichoka, maji yanapita taratibu au yanatoka machafu, unajua. Cha mifupa kikijaa floraidi, maji yanaendelea kutoka kwa kasi ile ile na kung'aa vile vile. Umeketi mezani na mtoto, umeridhika, na ndani ya kikombe hakuna kilichoondolewa.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme una kilo 10 za makaa ya mifupa, na kila gramu inashika miligramu 2 za floraidi. Zote pamoja zinashika miligramu 20,000. Kisima chako kina miligramu 6 kwa lita, nawe unataka ibaki 1. Kila lita inaacha 5 kwenye kichujio. Gawanya: utapata lita 4,000. Nyumba inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika itakaa siku 200. Sasa jirani yako, ng'ambo ya barabara, kisima chake kina 11. Kichujio kile kile, fundi yule yule, siku ile ile ya kuanza: kwake kinakufa baada ya siku 100. Mkikubaliana kubadilisha makaa pamoja kila Krismasi, wewe umechelewa kwa miezi mitano na zaidi, na yeye kwa karibu tisa.

Ni kwa sababu hiyo Eli Dahi, wa chuo kile cha Denmark, aliandika mwaka 1996 kuhusu njia ya kurefusha maisha ya kichujio. Badala ya kuyaachia makaa kazi yote, maji yanaongezewa kalsiamu na fosfati kidogo kabla ya kupita kwenye makaa ya mifupa. Juu ya chembe za mfupa, hivyo viwili hukamatana na floraidi na kugeuka kitu kigumu kinachobaki humo. Mfupa hauchoki upesi kwa sababu unakuwa kama uwanja wa kazi tu. Baadaye, katika ushirikiano wa Nakuru na Uswisi, zilitengenezwa chembe zinazotoa kalsiamu na fosfati polepole zenyewe, zikachanganywa na makaa, ili mwenye nyumba asilazimike kupima dawa kila asubuhi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna uhandisi hapo uliofuta haja ya kupima maji yanayotoka. Umeisogeza mbele tu.

Na nikiri upendeleo wangu: kabla ya kichujio chochote, ningeangalia paa. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la mita tano kwa sita, mvua ya milimita 100 katika msimu, ni lita 3,000. Toa moja ya tano kwa zinazomwagika, unabaki na 2,400. Kwa lita 20 kwa siku, hizo ni siku 120. Gata na tangi vina gharama, najua, lakini havifi kimya kimya. Maji ya kisima yabaki kwa kufua, kuoga na mifugo.

Kama hayo hayatoshi nyumba nzima, wape kwanza wenye umri chini ya miaka minane. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima, kwa hiyo mtoto anayenyonya amelindwa. Anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo hajalindwa. Na akina mama, punguzeni magadi kwenye mboga na maharagwe. Utafiti uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba nayo hubeba floraidi hadi kwenye sahani ya mtoto.

Katiba ya mwaka 2010 imeziachia kaunti huduma za maji, kwa hiyo swali "maji haya yana kiasi gani?" ni haki yenu kutuuliza, na kamati ya kisima isiyo na jibu lililoandikwa iulizwe pia. Kuchukua sampuli ni rahisi. Tafuta chupa safi ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, na isiwe iliyokuwa na soda ambayo haijaoshwa vizuri. Fungua mfereji maji yatiririke dakika chache. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, ifunge, kisha uandike juu yake jina la kisima, tarehe, na kama maji yametoka kisimani moja kwa moja au yamepita kwenye kichujio. Kama kuna kichujio, leta chupa mbili, ya kabla na ya baada. Chupa ya pili ndiyo itakayotuambia kama makaa bado yako hai.

Sasa maswali, na nimeona mkono wa mwalimu kule nyuma.