Maji Magumu Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya maji magumu. Pengine mmoja wenu anacheka na kuuliza, "Maji yawezaje kuwa magumu?" Maji magumu ni maji yanayokataa sabuni.

Jaribuni hivi. Chukueni chupa mbili. Moja tieni maji ya mvua, na ya pili maji ya kisima, kwa kipimo kimoja. Katika kila chupa tieni kipande kidogo cha sabuni, kisha tikiseni. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Maji ya kisima yakiwa magumu, povu litakuwa haba, na mtaona utando mweupe. Utando huo ni sabuni yenu iliyopotea bure.

Sababu ni nini? Visima vingi vya Unguja na vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, mawe yale yale yanayochomwa tupate chokaa ya kujengea. Maji yapitapo humo huyayeyusha kidogo kidogo. Chokaa hiyo haimdhuru mnywaji. Hasara yake ni ya mfukoni: sabuni huisha upesi, na ukoko mweupe hushika ndani ya birika, hata kuni nyingi zikateketea bure. Ukoko huo huondolewa kwa siki au maji ya ndimu.

Basi tufanyeje? Kwanza, kingeni maji ya mvua kwa kufulia. Pili, maji yanayoacha ukoko yakichemshwa, sehemu ya chokaa hutua chini. Yaacheni yapoe, kisha choteni ya juu. Tatu, kwa kufulia, tieni magadi kidogo, mkoroge, mngoje vumbi jeupe litue, ndipo mtie sabuni.

Lakini sikilizeni sana. Maji ya magadi ni ya kufulia tu. Magadi ya maziwa yetu mara nyingi yana madini yaitwayo floraidi. Yakizidi, huharibu meno ya mtoto yangali yakikua ndani ya ufizi. Yakiota huwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Maharagwe hukawia kuiva katika maji magumu, ndiyo maana wengine hutia magadi. Msifanye hivyo. Yalowekeni usiku kucha, myapike kwa maji ya mvua.

Kabla ya somo lijalo, fanyeni jaribio la chupa mbili, mwandike katika madaftari yenu mlichokiona. Kwaherini.