Mtoto wa Dozi ya Nne Yuko Wapi?

Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Migori wanaopakana na Homa Bay



Nimeombwa nizungumzie mifumo ya data. Najua neno hilo huwafanya watu waangalie saa, kwa hivyo nitaanza na mtoto.

Tarehe 13 Septemba 2019, chanjo ya malaria ilizinduliwa hapa jirani, Ndhiwa. Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za kwanza nchini. Mtoto hupewa dozi nne: akiwa na miezi 6, 7, 9, kisha 24. Katika zile tatu za kwanza, mama bado huenda kliniki na mtoto mgongoni. Ya nne huja miezi 15 baadaye. Kufikia hapo mtoto anakimbia, mama ameacha kliniki, na baba pengine amehamia ufuo mwingine akifuata omena, au machimbo ya dhahabu kule Nyatike, na familia ikamfuata.

Sasa tazameni karatasi zetu. Nesi akishachanja, anachora kijiti kwenye karatasi ya kuhesabia. Mwisho wa mwezi vijiti hujumlishwa, na jumla huingizwa kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Jumla hiyo inatufaa, hasa wakati wa kuagiza chanjo. Lakini tuseme watoto 40 walianza na 22 ndio waliofika dozi ya nne. Tumejua 18 hawakurudi. Ni nani? Nilisomea uandishi wa habari, na tulifundishwa kuuliza nani, wapi na lini. Jumla hujibu "wangapi" tu.

Majina yapo. Yamo kwenye daftari la chanjo la kliniki na kwenye kitabu cha mama na mtoto. Tena, tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakiandikisha kaya kwa simu. Wako wanaodhani simu hiyo ndiyo mfumo. Hapana. Kama orodha iliyo kwenye simu hailinganishwi na daftari la kliniki, tuna kifaa kipya na shida ile ile. Mfumo umekomaa pale nesi anapoona ni nani ametimiza miezi 24 bila kurudi, na jina hilo likamfikia mhudumu wa kijiji wiki hiyo hiyo. Kikao cha nusu saa kati yao kila mwezi kinaweza kuanza kazi hiyo, hata stima ikipotea. Na familia ikiwa imevuka kwenda Homa Bay, mhudumu ampigie mwenzake wa upande ule.

Mna haki ya kuuliza habari zenu zinaenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawapa haki ya kujua zinavyotumiwa na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Ulizeni. Lakini mhudumu akibisha hodi, mpeni tarehe halisi ya kuzaliwa na nambari ya simu inayopatikana.

Mnapohama, bebeni kitabu cha mtoto, na mwambieni mhudumu mnakoelekea. Na kama mtoto wako amepitisha miezi 24, usijifiche kwa kuogopa kugombezwa. Nenda na kitabu kliniki, umwulize nesi.