Sasisha Simu Yako Mapema

Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, uwe sokoni Daraja Mbili au kwenye mashamba ya chai kule Kebirigo, huenda simu yako inaendeshwa na mfumo wa Android. Sehemu kubwa ya msimbo wa mfumo huu iko wazi: wataalamu popote duniani huusoma na kusaka kasoro.

Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro ya Android iliyoitwa Stagefright. Ujumbe mmoja wa video ungeweza kumfungulia mdukuzi simu yako. Tangu Agosti mwaka huo, Google, inayotengeneza Android, hutoa kila mwezi taarifa ya kasoro zilizopatikana na marekebisho yake.

Taarifa hiyo wahalifu nao huisoma. Anayechelewa kusasisha hubaki na mlango wazi unaojulikana, na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa yake.

Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya masasisho, uangalie tarehe ya sasisho la usalama. Usibonyeze kiungo cha sasisho kilichotumwa kwa ujumbe mfupi. Ukinunua simu, uliza itapokea masasisho hadi lini.

Sasisha leo, kisha uwasaidie wazee nyumbani wasasishe zao.